Leo Hatununui

Mwanangu Elia,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nakusikia hapo sebuleni ukicheka na baba yako na wageni waliobaki. Mimi nimejifungia chumbani, nimesema kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Nina hasira, na nimeona niiandike, kwa sababu nikiisema kwa mdomo nitalia na wewe utadhani nalia kwa kuwa unaondoka. Halafu baba yako ataingia na kunimalizia maneno yangu kwa namna yake, kama alivyofanya miaka yote.

Mambo ya kuchemsha maji, kufua na kumeza dawa ya malaria sikuandikii. Umeshakuwa mtu mzima, na chuo cha kilimo wamekufunza kujitegemea. Nakuandikia habari za mwanamke uliyemfukuza mlangoni leo mchana.

Usiniambie hukumfukuza. Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa chapati, nikasikia hodi, nikaijua sauti, nikaanza kunawa. Kabla sijamaliza nikakusikia wewe: "Leo hatununui, mama. Kuna wageni ndani." Hata shikamoo hukumpa. Akakujibu, "Haya, baba." Nilipofika nje nikakuta kifurushi kwenye ngazi ya baraza, naye ameshafika kwenye kona ya barabara. Nilimwita. Sijui hakusikia au hakutaka kusikia.

Elia, hukuona kwamba hakuwa na ungo? Tangu utoto wako umemwona akija na ungo wa korosho kichwani. Leo hakuwa nao. Alikuwa amevaa doti mpya ya khanga, na machoni amepaka wanja. Amekuja kwa miguu kutoka Mbagala mpaka hapa Temeke, juani, amevaa vizuri hivyo, na wewe ukaona korosho ambazo hazikuwepo.

Jina lake ni Somoe. Nakuandikia kwa sababu hujawahi kulisikia katika nyumba hii. Hapa anaitwa Mama Korosho, na aliyeanza kumwita hivyo mbele yako ni mimi.

Baada ya chakula baba yako akaleta tena hadithi yake ya pikipiki. Unaijua kwa moyo. Mwaka wa pili wa Uhuru, yeye ni katibu wa tawi, anatoka kwenye mkutano mkubwa wa hadhara, pikipiki inamkatikia cheni, wananchi wanatokea kila upande, wanaisukuma huku wanaimba, wanamlaza, wanamlisha kisamvu, na yeye anawahutubia mpaka wanampigia makofi. Wageni walicheka pale anapoigiza alivyokuwa akipiga kiki mbele ya umati. Wewe ulicheka kuliko wote. Akakuvalisha ile miwani yake ya vumbi, akasema, "Na wewe serikali inakupa pikipiki. Ikikuharibikia huko kusini, usiogope. Wananchi wapo." Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka nikachukua sahani.

Nilitaka kumtupia zile sahani. Nakuambia kweli.

Kwa sababu na mimi nilikuwepo. Nilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki ile, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu, mtoto wa kunyonya. Katika hadithi ya baba yako mimi na wewe hatumo. Hujawahi kujiuliza tulikuwa wapi? Na mimi nimekaa kwenye kiti miaka yote hii naisikiliza, na pale pa kucheka nikacheka. Nikishaanza kumkasirikia yeye, inabidi nijikasirikie na mimi pia.

Sikiliza ilivyokuwa.

Mkutano ulikuwa Mbagala, kwenye uwanja wa mchanga kando ya barabara ya Kilwa. Sisi akina mama wa tawi tulikuwa tumeshona sare, tumefundishana nyimbo wiki nzima. Tulisimama juani tangu asubuhi tukimsubiri mgeni rasmi, naye akafika alasiri. Baba yako alisoma risala juu ya undugu. Alisoma vizuri, sitamnyang'anya hilo. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti, na aliposema kwamba tangu sasa hakuna mgeni katika nchi hii, sisi sote ni ndugu, niliona fahari mpaka nikakusogeza mgongoni ili na wewe uone. Lakini mwili ulikuwa umeanza kutetemeka. Nilidhani ni furaha. Ilikuwa homa.

Mkutano ulipokwisha, baba yako akapiga kiki, tukapanda, pikipiki ikatoka kama mita chache hivi, cheni ikakatika. Ikakatika mbele ya watu wale wale waliokuwa wakimshangilia. Gari la mgeni rasmi likapita, likatuachia vumbi. Likaja lori la tawi letu, wenzetu wa sare moja, wamesimama nyuma wanaimba wimbo niliowafundisha mimi. Baba yako akapunga mkono. Dereva akapunguza mwendo, mmoja akapiga kelele kutoka juu, "Katibu, tunakuletea fundi!" Wakaenda. Yule fundi tunamsubiri hadi leo. Nafasi ilikuwepo kwenye lile lori, Elia. Niliiona kwa macho yangu. Hakuna aliyetaka kushuka kusaidia kupandisha pikipiki na kuchafua sare.

Uwanja ukabaki mtupu, makaratasi tu. Wewe ukaanza kulia kwa njaa. Nikakuweka kifuani, nikakuta sina kitu. Homa na jua vilikuwa vimenikausha. Ukavuta, ukakasirika, ukalia mpaka ukawa hutoi sauti. Baba yako alikuwa amechuchumaa kwenye ile cheni, mikono imejaa grisi, anarudia neno moja tu, "Sasa hivi, sasa hivi."

Pembeni mwa uwanja kulikuwa na mwanamke anakusanya vitu vyake, alikuwa akiuza korosho na mihogo ya kuchoma. Mgongoni naye ana mtoto. Alikuja akasimama mbele yangu. Hakuniuliza mimi nani, wala kabila, wala dini. Aliuliza kitu kimoja.

"Kanyonya saa ngapi huyu?"

Nikamwambia tangu asubuhi. Nikamwambia sina maziwa, naumwa. Akaketi hapo hapo mchangani, akakuchukua mikononi mwangu bila ruhusa, akamtoa wake mgongoni, akawaweka wote wawili. Mwanawe Hawa kulia, wewe kushoto. Ulimvamia yule mama wa watu mpaka akasema, "Polepole baba, hapa hapana foleni." Nilicheka, halafu yaliyofuata nayakumbuka kwa vipande tu. Niliangushwa na homa.

Waliosukuma pikipiki ni mumewe, Saidi, kuli wa bandarini, na jirani zake wawili. Hawakuimba. Mchanga ule unazama mpaka kwenye kifundo, nani ataimba? Mimi walinibeba kwenye kitanda cha kamba. Baba yako hakuhutubia mtu. Alikuwa anatembea nyuma yetu, amebeba kofia yake, na alikuwa analia. Hilo silisemi kumwaibisha. Ndilo ninalompendea katika siku ile, na ndilo alilolitoa kwenye hadithi.

Asubuhi yake alikwenda mjini kutafuta cheni. Cheni haikupatikana siku ile wala iliyofuata. Mimi nilikuwa nimelala chumbani kwa Somoe, kwenye kitanda chake, naye analala chini kwenye mkeka kati yenu wawili. Alininywesha uji kwa kijiko kama mgonjwa wa kwake. Usiku nikigutuka namsikia anakubembeleza kwa lugha ya kwao. Alipokuwa akila muhogo mkavu alisema ameshiba samaki, na samaki aliweka upande wangu. Niliona. Nilikula.

Baba yako aliporudi na cheni, homa ilikuwa imeniacha. Siku ya kuondoka, Mzee Saidi alivaa kanzu, akamwita jirani mmoja aje ashuhudie, akatuketisha barazani. Akasema, "Katibu, mkeo keshajua, lakini nawe uelewe. Huyu mtoto kanyonya kwa mke wangu, tena si mara moja, kashiba. Kwetu sie huyo ni mtoto wetu. Yeye na Hawa ni ndugu wa ziwa moja. Hawaoani hawa, na shida ya huyu ni yetu." Baba yako akamshika mkono, akasema asante sana ndugu. Tulipofika barabarani akacheka. Akasema, "Mambo ya pwani hayo." Sisi kwetu milimani hatuna desturi hiyo. Kwetu mtoto akinyonyeshwa na jirani, unamshukuru jirani, basi. Na mimi nilicheka naye, sikuona ubaya.

Sasa sikia tulichofanya. Baada ya wiki chache baba yako aliona si vizuri kukaa na deni la fadhila. Tukashauriana. Tukanunua kopo kubwa la maziwa ya unga, lile la bei, tukampa tarishi wa tawi alipeleke Mbagala, na salamu za shukrani. Nilichagua mimi. Nilijiona nimefikiria kweli kweli: aliyetoa maziwa arudishiwe maziwa.

Somoe alikuja mwenyewe kulirudisha. Alikuja kwa miguu, Hawa mgongoni, akaliweka kopo mezani bila kufunguliwa. Hakugomba. Alisema, "Mama Elia, kwani yale maziwa nilikukopesha?"

Akaomba akuone. Ulikuwa umelala. Akakuinamia, akakunusa kichwani, akanywa maji, akaenda zake.

Baba yako aliporudi nikamweleza. Hapo ndipo alipoogopa. Mshahara wa katibu ulikuwa mdogo, na ndugu zetu wenyewe wa milimani walikuwa wamejaa humu ndani, wanalala mpaka jikoni. Akasema, "Tukikubali hii, kesho tutaletewa mjomba anataka kazi, keshokutwa shangazi anataka pa kulala. Mtoto asiambiwe. Atakuwa mama wa korosho, akija tununue." Yule aliyesoma risala ya undugu ndiye aliyesema hivyo. Na mimi niliyeishangilia risala nikasema sawa.

Kila Idi alikuletea sahani. Wewe ulikula ukidhani nimepika mimi. Siku nyingine alikuja na korosho za kukupa, na kama kuna mgeni barazani mimi nilitoa sarafu nikamlipa, ili mgeni aone ni biashara. Alizipokea. Alinitazama usoni, akazifunga kwenye pindo la khanga, akasema asante mama. Alinifichia siri yangu kwa kujishusha yeye, na mimi nikarudi ndani kumalizia mazungumzo. Mjomba wa kazi hakuja. Shangazi wa kulala hakuja. Katika miaka yote hii hakutuomba hata kiberiti, na unajua vitu vilivyokuwa havipatikani.

Unakumbuka lile kofi? Mlikuwa mmesimama na wenzako kwenye nguzo ya umeme, akapita na mamaye binti mmoja mrefu amebeba ungo, wewe ukapiga mluzi ukasema, "Oyaa, mchumba wangu huyo." Nilitoka mbio jikoni nikakuwasha kofi mbele ya rafiki zako. Ulisusa kula, ukaniambia mie sina akili, kosa lenyewe ni mluzi tu. Ukamwuliza baba yako kosa lako ni nini, akakwambia mama yako ana hasira za bure. Yule alikuwa Hawa. Mmenyonya ziwa moja, pajani pamoja. Sasa ameolewa, yuko Mtoni, ana mtoto. Lile kofi sijutii, ila ningeliambatanisha na maelezo.

Kwa hiyo leo usijidhanie peke yako ndiwe uliyekosa. Wewe umefanya tulichokufundisha. Lakini hasira yangu kwako iko palepale, maana mtu asiyejua chochote bado angeweza kusema shikamoo. Hata angekuwa muuza korosho kweli. Hata asingekuwa amekunyonyesha tone. Ungempa kiti na maji, ungeniita. Wewe ni bwana shamba sasa. Huko uendako watakuja kwako wanawake kama yeye kila siku, wamevaa doti yao moja nzuri, wametembea tangu alfajiri, na wewe utakuwa na mgeni ndani. Utawaambia nini?

Na pikipiki itakuharibikia. Mchanga wa kusini nasikia ni ule ule. Watakusukuma, hilo sina shaka nalo, baba yako hakudanganya. Nchi hii imejaa watu wema, na jambo hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu tumewafanya kuwa spea. Lori likikataa kusimama, wapo. Dawa ikikosekana, wapo. Cheni haipatikani mjini, wapo. Halafu tunarudi kwenye meza zetu tunasimulia "wananchi", mtu mmoja mkubwa asiye na jina wala kitanda cha kumpisha mgonjwa. Ukiniandikia kwamba watu wa huko ni wakarimu, nitaichana hiyo barua. Niandikie nani alikusukuma, anaitwa nani, na wewe ulimfanyia nini.

Jioni hii ulipokwenda kuwasindikiza rafiki zako, nilimwomba jirani yetu Mwakalinga pikapu yake, nikaenda Mbagala. Nilimkuta Somoe yuko kwenye mbuzi anakuna nazi. Mzee Saidi alishatangulia mbele ya haki, hilo nalo hukuambiwa, nilikwenda msibani nikakuambia nakwenda sokoni. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi.

Akasema, "Mwache, Mama Elia. Mtoto hajui."

Nikamwambia hajui kwa sababu hatukumwambia.

Akaendelea kukuna. Halafu akasema, "Basi mwambieni. Mie nazeeka." Akanieleza alichokuja kukwambia. Kijiji ulichopangiwa kiko jirani na kwao. Nilipomtajia jina la kijiji hicho sokoni juzi, hakulala. Ana kaka yake pale, na alitaka akwambie kwa mdomo ushukie wapi, uulize nyumba ya nani, useme wewe ni mtoto wa Somoe, usilale nyumba ya wageni kama mtu asiye na kwao. Yeye haandiki. Ndiyo maana alivaa doti mpya. Alikuwa anakuaga na kukukabidhi kwa ndugu zako.

Sikumwuliza jina la kaka yake. Angenipa, na mimi ningekuletea hapa kitandani, na wewe ungesafiri umeridhika. Sitakuletea.

Sasa nenda nyuma ukaangalie kwenye kibaraza. Sanduku lako la bati halipo. Usimwamshe mtu kutafuta mwizi. Lipo Mbagala, chumbani kwa Somoe, kwenye kitanda kile kile nilichougulia. Ndani mna nguo zako zote, vyeti vyako na barua yako ya kazi. Ufunguo nilimpa yeye, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Baba yako amepanga wenzake waje stendi asubuhi wakuage. Wataaga hewa. Basi la kusini linapita barabara ya Kilwa, utalipandia Mbagala, pale pale mbele ya ule uwanja. Mwakalinga atakupeleka alfajiri. Barua hii naiacha wazi, ukimaliza baba yako naye aisome. Akitaka kuja kuaga, njia anaijua, aliwahi kuipita kwa miguu amebeba kofia.

Kile kifurushi sikukifungua. Si changu. Kiko chini ya mto wako.

Ukifika, usisimame nje ukaita hodi kama karani wa sensa. Ingia uani, umpe shikamoo yake ya leo na zile zote za nyuma. Akikutania kwamba leo hauzi, usijibu kitu. Kaa chini, ule atakachokupa.

Mimi mama yako, yule aliyekuzaa.